Ikianguka Haiinuliwi

Jirani yetu wa upande wa kibla alikuwa na mlango bila nyumba. Nyumba yenyewe ilianguka wakati wa masika, alasiri moja, mkewe akiwa ndani anachambua kunde. Marehemu alipokwisha kuzikwa na kifusi kuzolewa, ilibaki sakafu ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu, na miimo ya mlango wa mbele imesimama peke yake. Yule mzee alihamia chumba cha kupanga nyuma ya msikiti. Lakini kila alasiri alirudi. Alisimama mbele ya ule mlango, akapiga hodi, akangoja kidogo, ndipo akavuka na kwenda kuketi pale palipokuwa na chumba chao.

Siku moja nilikuwa nimechelewa, beseni la mahamri kichwani, nikakata njia juu ya ile sakafu. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa barazani kwetu. Akapiga ukelele.

"Wewe! Wapita ukutani kwa watu? Huna mato?"

Nikasimama katikati ya sakafu. Jua linawaka, ukuta hakuna, na wallahi nikaona haya kana kwamba nimemkuta mtu anaoga. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikatokea mlangoni.

Wakati huo, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la nane na kuishia hapo. Asubuhi nilikuwa nauza mahamri na mbaazi sokoni Kongowea, mchana narudi Kisauni kuota ndoto. Nilikuwa na ndoto nyingi, na nyingi zilikuwa na ghorofa. Nilijiona nimesimama kwenye roshani yangu, natupa maji ya kuoshea vyombo, na chini kuna mtu ananitukana. Hata kutukanwa kule nilikupenda, maana hutukanwi hivyo bila kuwa na roshani.

Kwetu, hata hivyo, ghorofa lilikuwa mbali. Nyumba ilikuwa yako, ardhi ilikuwa ya mtu. Hilo halikuwa ajabu; tangu Likoni mpaka Changamwe watu wengi walikaa hivyo. Unalipa kodi ya ardhi, na juu yake unasimamisha nyumba yako kwa masharti ya mwenyewe. Masharti ya kwetu sikupata kuyaona yameandikwa popote, lakini hata mtoto aliyejifunza kutambaa aliyajua. Nyumba iwe ya fito na udongo, jiwe lisijengwe. Usipande mnazi wala mwembe, maana mti humzika aliyeupanda, kisha wanawe wakaja kudai kivuli. Na nyumba ikianguka haiinuliwi, mpaka upate ruhusa. Ruhusa hakuna aliyepata kuiona ikitolewa. Mwenye ardhi naye hakuna aliyepata kumwona. Wengine walisema yuko Uarabuni, wengine wakasema alikufa zamani na bado anakataza.

"Twakaa juu ya mgongo wa mtu aliyelala," shangazi alikuwa akisema. "Ukikanyaga kwa nguvu ataamka."

Aliyeonekana ni msimamizi wake, aliyepita kila mwisho wa mwezi kukusanya kodi. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, kanzu safi, viatu vya raba visivyo na sauti, na bakora mkononi. Tukimwita Yule wa Bakora. Adabu zake hazikuwa na kasoro. Aliwaamkia wazee, akauliza hali za wagonjwa kila mmoja na ugonjwa wake, na huku akizungumza bakora ikawa inagonga ukuta wako, taratibu, yeye ameinamisha kichwa kama daktari asikilizaye kifua. Udongo hauna mlio. Jiwe lina mlio. Alikuwa akitafuta mlio, na mwenye nyumba anamjibu, "Tu wazima, alhamdulillahi," huku anasikiliza pia.

Baada ya maziko ya mke wa jirani, shangazi alianza kuukagua ukuta wetu. Upande wa kitanda changu palikuwa na ufa. Kidole chake kiliingia chote. Akachukua unga wangu wa mahamri uliokandwa, akabandika donge juu ya ufa, akalibana vizuri. Asubuhi tuliamka tukalikuta limepasuka katikati, limefunguka kama mdomo unaotaka kusema jambo. Akabandika jingine. Nalo likafunguka.

"Ukuta wako wala mahamri," nikamwambia nikicheka.

Yeye hakucheka. "Masika ikija, huu ndio utakaoanza," akasema. "Na wewe walala hapa chini."

Alijaribu njia iliyonyooka kwanza. Tulivaa, tukapanda gari, tukaenda manispaa kuuliza kama tunaweza kujenga ukuta mmoja tu wa mawe. Kijana wa dirishani alikuwa mpole. Alisema lete ramani. Shangazi akauliza, ramani ya ukuta mmoja? Akasema ramani ya nyumba nzima, pamoja na hatimiliki ya ardhi. Na nyumba iliyopo sasa ni ya nini? Ya udongo. Aa, basi, nyumba ya udongo katika eneo la mji hairuhusiwi tangu hapo, haitambuliwi.

"Mwenye ardhi hataki jiwe," shangazi akasema, "na nyinyi hamtaki udongo. Sasa mwataka tukae ndani ya nini, mwanangu? Ndani ya gunia?"

Kijana alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatuambia tujaribu ofisi nyingine, lakini tulikuwa tumeshachoka.

 Njiani kurudi, tulipofika karibu na ile sakafu nyekundu, shangazi akasimama. Mzee alikuwa ameketi ndani ya nyumba yake isiyokuwepo, ameacha viatu vyake mlangoni. Shangazi akasema bila kunitazama, "Yetu haitaanguka. Hata ikitaka."

Alichokusudia nilikijua fundi alipofika. Alitoka Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko, kwa sababu shangazi alisema fundi wa mtaani hujenga kwa mikono na kubomoa kwa mdomo. Mpango ulikuwa huu: ukuta wa udongo uachwe ulivyo, na ndani yake ujengwe ukuta wa mawe, kozi juu ya kozi, safu kwa safu, mpaka kwenye boriti za paa. Hata baraza ijazwe mawe chini ya udongo wake. Nje ibaki nyumba ya udongo, ndani iwe nyumba ya mawe. Masika ikija na kuuangusha udongo, sisi tutakuwa tumo.

"Na Yule wa Bakora?" nikauliza.

"Agonge," akasema. "Nje ni udongo."

Mawe tuliyaleta mimi na hamali mmoja wa Kongowea, kijana wa bara aliyekuwa mteja wangu wa mbaazi. Aliyapanga kwenye mkokoteni wake, akatandika gunia, juu yake akapanga kabeji. Siku ya kwanza alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Siste, hizi kabeji mnazitoa wapi? Makaburini?"

"Ni kabeji za masika. Zimekunywa maji."

"Zimekunywa simiti hizi," akasema, na tangu siku hiyo akiniona sokoni huniuliza kwa sauti kama shangazi amemaliza kuzipika zile kabeji au bado zina ugumu.

Kelele ndiyo iliyokuwa shida. Jiwe la kwetu ni laini, lakini likichongwa kwa tindo lina sauti yake, na mtu akipita njiani angeijua. Basi wanawake wa jirani wakaja na vinu vyao. Hakuna aliyewaita, walijua, na hawakusema wamejua. Fundi akianza kugonga, wao huanza kutwanga uani kwetu, kila mmoja na mchi wake, wanaimba na kusimangana.

"Wewe watwanga au wampigapiga mumeo?"

"Mume wangu hana nyama ya kupigwa!"

Mwanzo walikuwa wakitwanga mpunga na mahindi ya kweli. Vikaisha. Wakatwanga makapi. Nayo yakaisha, wakawa wanatwanga vinu vitupu. Mmoja wao, mkubwa kwa umri, alikataa kwanza. Alisema kinu kitupu hakitwangwi, ukikitwanga wamwita asiyealikwa. Wenzake wakamzomea, naye akashika mchi wake akatwanga, lakini akiwa amefumba macho.

Mchana mmoja, adhuhuri imekaribia, fundi alitoa mkono dirishani. Hiyo ilikuwa ishara kwamba amepumzika. Wanawake wakaacha wote pamoja, michi ikalazwa chini. Na kutwanga kukaendelea. Kinu kimoja, taratibu, kwa mkono wa mtu mwenye nguvu asiye na haraka. Kilisikika upande wa kibla, upande wa ile sakafu. Tulitazamana. Kila mtu alitazama mikono ya mwenzake. Kilitwangwa kwa muda wa mtu kumaliza alichokuwa nacho kinuni, kisha kikanyamaza.

"Mwangwi," mmoja akasema.

"Mwangwi wa nini, na sisi tumenyamaza?"

Marehemu mke wa jirani, kwa wasiomjua, alikuwa ndiye mtwangaji hodari wa mtaa mzima. Tukienda arusini yeye ndiye aliyeanza na ndiye aliyemaliza. Sote tulikuwa tukiliwaza hilo. Shangazi akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Anatusaidia," akasema, kama anayezungumzia mtu aliyeazima ungo. "Haya, rudini kazini."

Kuanzia hapo wanawake walitwanga bila mzaha. Nami nilizoea kusikiliza kila waliponyamaza.

Nyumba ikaanza kupungua. Ni vigumu kulieleza hili kwa mtu ambaye hajaona chumba chake kinakuwa kidogo siku baada ya siku. Kitanda changu kilisogezwa, kikasogezwa tena. Mlango wa kabati ukawa haufunguki wote, nikawa natoa nguo kwa kupenyeza mkono kama mwizi. Dirisha lililokuwa karibu sasa lilikuwa mwisho wa shimo, na mwanga ukifika ndani ulikuwa umechoka. Mikono yangu ilikuwa bado na kumbukumbu ya nyumba ya zamani. Nikiamka nikinyoosha mkono kuugusa ukuta, mkono unaukuta kabla haujatarajia, baridi.

Na sauti. Udongo hunywa sauti. Unasema, maneno yanaingia ukutani yanakwisha. Jiwe liliturudishia. Shangazi akimaliza kusali na kutoa salamu kulia na kushoto, ilisikika mtu mwingine naye akimaliza, kidogo nyuma yake. Mimi nilikuwa nikiimba nikikanda unga. Niliacha, kwa sababu yule aliyekuwa akiniitikia alikuwa akiimba vizuri kuliko mimi.

Kati ya ukuta wa udongo na ukuta wa mawe fundi aliacha upenyo wa kiganja, ili unyevu usipite. Alipomaliza kozi ya mwisho chini ya boriti, upenyo ule ukazibwa juu, ukawa chumba kirefu chembamba kinachoizunguka nyumba yote, kisicho na mlango. Humo ndani mlikuwa na sauti. Sikwambii mizimu; mchwa walikuwa wakila fito, na udongo mkavu ulikuwa ukimomonyoka na kushuka. Najua. Lakini masikio hayajali unachokijua. Nilisikia kama kiganja kinapapasa, kinapapasa, kinatafuta mahali palipokuwa pameshikika jana.

Shangazi alikuwa akiweka mdomo karibu na jiwe na kusema nao. "Usituone tumekukimbia," aliuambia ule ukuta wa zamani. "Tuko hapa hapa. Wewe vumilia tu." Nikimcheka, ananiambia nyumba iliyomlaza mtu tangu arusi yake si ya kuchekwa.

Kosa letu lilikuwa dogo, nalo nyumba ya udongo pekee ndiyo ingeweza kulifichua. Nyumba ya udongo hukandikwa. Kila mwaka, kabla ya mvua, unawaita watu, mnakanyaga udongo, mnaziba nyufa, mnapika chai na mahamri. Sisi tulikuwa tumechoka na tumeridhika. Tukasahau kwamba nje tungali na nyumba inayotaka kukandikwa. Yule wa Bakora alipita, akamwamkia shangazi, akauliza hali ya mguu wake, kisha akatazama nyufa.

"Mwaka huu hamkandiki, bi mkubwa?"

"Tutakandika, inshallah. Udongo mzuri umeadimika."

"Udongo?" akasema taratibu. Akanyoosha bakora, akagonga. Ndani ya ukuta kikasikika kitu kikiporomoka kutoka juu mpaka chini, muda mrefu, kama mtu anashuka ngazi. Yule bwana aliirudisha bakora yake kifuani. "Nyumba yenu ina wasiwasi," akasema, akaenda zake.

Tulikandika kesho yake, lakini udongo mbichi ulikuwa mzito na fito zilikuwa zimekwisha kuliwa. Mvua kubwa ya kwanza haikuchelewa. Ilikuwa alasiri, mimi na shangazi tumo ndani. Hakukuwa na kishindo. Nilisikia kama mtu amemwaga gunia la mchanga mlangoni, kisha jingine, kisha sauti ikaizunguka nyumba yote, na baadaye mvua peke yake. Ukuta wa mawe haukutikisika. Kikombe kilichokuwa mezani hakikutikisika. Mwanga tu ndio uliongezeka dirishani. Shangazi alikuwa ameushika mkono wangu, na kucha zake ziliacha alama.

Tulipotoka, nyumba ilikuwa imevua nguo. Udongo wote ulikuwa chini, umetapakaa, fito zimejitokeza kama mifupa ya samaki, na juu yake imesimama nyumba nyeupe ya mawe, mpya, inatiririka maji. Majirani walikuwa wamesimama mvuani.  Walitutazama tukitoka mlangoni kama mtu anavyowatazama waliotoka kaburini, kwa furaha na kwa kuogopa kuwagusa.

Nami, nisamehe, jambo la kwanza nililoliwaza ni kwamba ni nzuri.

Yule wa Bakora alikuja siku ya pili. Alisimama mbele ya baraza, akakunja mikono.

"Pole, bi mkubwa. Nimesikia nyumba imeanguka."

"Haikuanguka," shangazi akasema. "Hii hapa."

"Iliyoko katika ardhi hii ni nyumba ya udongo. Nami naiona chini." Alitazama lile tope kwa huzuni ya kweli. "Na masharti wayajua. Ikianguka haiinuliwi."

"Na hii je?"

"Ipi?"

Shangazi akaipiga nyumba kofi. Mlio wake ulisikika mpaka njiani. Yule bwana aliinua macho, na macho yake yakapita. Sijui nieleze vipi. Hayakusimama popote. Yalipita kwenye ukuta, kwenye dirisha, kwangu mimi niliyekuwa dirishani, yakaenda mpaka kwenye minazi ya mbali nyuma yetu, kama vile palikuwa na uwazi. "Mwenyezi Mungu atakupa badala," akasema, akaondoka. Kodi ya ardhi hakuidai.

Shangazi ndiye aliyelifahamu. "Akisema ni jiwe," aliniambia, "ataulizwa lilijengwa lini, na bakora yake ilikuwa wapi. Basi bora pasiwe na kitu. Kiwanja kitupu hakimtii mtu makosani. Na kiwanja kitupu hupangishwa."

Basi tukawa hatupo. Mwezi ulipokwisha alipita, akaenda nyumba ya kushoto, akaja nyumba ya kulia, akauliza hali za watu. Kwetu alipita kama mtu apitavyo kwenye nyasi. Shangazi akijitokeza kumsalimu, yeye keshageuka kona na viatu vyake vya raba. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Mwanzo nililicheka, nilikuwa nikitoa ulimi dirishani akipita. Halafu kicheko kikaanza kuniishia. Kutoonekana huambukiza. Sokoni nilianza kuwauliza wateja mara mbili kama wamenisikia. Yule hamali akaniambia, "Siste, unaongea kama mtu yuko kwa simu ya mbali." Siku moja nilirudi nyumbani, nikajikuta nimesimama mbele ya mlango wetu, nimepiga hodi, nangoja. Nikageuka. Mzee wetu wa upande wa kibla alikuwa ameketi kwenye sakafu yake nyekundu, ananitazama. Akaniinulia mkono kidogo, kama mtu anavyomwamkia mwenzake wa kazini.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kisha wakaja wapangaji. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mimi na shangazi tumekaa barazani tunachambua mbaazi. Yule wa Bakora alikuwa mbele, nyuma yake mume na mke, vijana, mke na buibui jipya na mtoto mgongoni. Wakasimama hatua chache kutoka miguuni mwetu.

"Ndicho hiki," akawaambia. "Hewa nzuri, na kisima si mbali. Nyumba iliyokuwepo ilianguka kwa mvua, na mwenye ardhi amekubali pawekwe watu wapya. Fito na udongo tu."

Kijana alitutazama sisi, akamtazama yeye. "Lakini, bwana… pana watu."

"Watu hupita. Hapa njia."

Mke naye alikuwa na haja ya nyumba, ilionekana usoni. Nafikiri alijilazimisha asituone. Alinyoosha mkono, kidole kikapita juu ya kichwa changu, kikalenga ndani ya chumba changu. "Jiko litakaa huku?" akauliza, sauti ndogo.

"Hapo hapo," akajibiwa.

 Nilitaka kusema, nikaona nitasema na hakuna atakayegeuka, nikaogopa kujaribu. Nikaushika ungo kwa nguvu. Mbaazi zilikuwa na uzito. Nikauhesabu uzito wake kama ushahidi.

Shangazi akasimama. Akajitanda leso yake vizuri, akashuka ngazi ya baraza, akasimama mbele yao.

"Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh."

Kijana akaitikia papo hapo, na mkewe akaitikia chini ya buibui. Yule wa Bakora alinyamaza. Alikuwa na haki, kwa namna yake: wengi wakisalimiwa, akiitikia mmoja inatosha. Shangazi alilijua hilo kumshinda. Alimaliza madrasa kabla mimi sijawazwa.

"Hao wameitikia yao," akasema. Akamgeukia yeye peke yake, karibu, uso kwa uso. "Hii nakutolea wewe, mwanangu, wewe na si mwingine. Asalaam aleikum."

 Alikuwa ameisimamisha bakora ardhini, mikono yote miwili juu yake. Njiani watu walikuwa wameanza kusimama. Wale wanawake wa vinu walitokea milangoni. Salamu ni deni linalolipwa papo hapo, na huwezi kulilipa kwa asiyekuwepo. Alikuwa mtu wa adabu. Nadhani lau angekuwa mtu mbaya angetushinda.

"Waaleikum salaam," akasema. Ilitoka kama pumzi.

"Umemjibu nani?" shangazi akauliza, bila ukali.

Akaivuta bakora karibu na mguu wake.

"Nauliza tu. Hapa pana mtu au hapana mtu? Maana kiwanja kitupu hakitoi salamu."

Mmoja wa wanawake kule mlangoni akapiga kigelegele, kifupi, akakikatisha mwenyewe kwa mkono. Kijana akamshika mkewe kiwiko. "Tusamehe, mama," akamwambia shangazi. Na kwa msimamizi akasema, "Sisi hatupangi juu ya watu, bwana. Hata kama tuna shida." Wakaondoka, na yule mke aligeuka mara moja kunitazama, macho yake yakasimama kwangu. Sijapata kushukuru kutazamwa kama siku ile.

Yule wa Bakora alibaki. Bila wao alionekana mwembamba zaidi. Nafikiri alikuwa akipiga hesabu ya atakayoulizwa na ya atakayojibu. Shangazi alimwangalia kwa muda, na uso wake ukalegea; alikuwa mtu asiyeweza kumwona mwenziwe amekauka midomo.

"Mletee maji," akaniambia.

Nikaingia ndani, nikachota mtungini kwa kikombe cha bati. Sauti ya maji ilikuwa kubwa humo ndani. Nikatoka, nikampa kwa mkono wa kulia. Akakipokea, na vidole vyake viligusa vyangu. Akachuchumaa kama inavyofaa, akanywa mara tatu, akashusha pumzi.

"Mwezi ujao nitakupitia, bi mkubwa," akasema, macho chini.

"Karibu," shangazi akajibu. "Nyumba waijua."

Akasimama. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake, kitupu, naye akatazama huku na huku pa kukiweka. Angeweza kunirudishia, nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sikunyoosha mkono. Akatazama mchanga, akaitazama bakora yake, mwishowe akainama juu ya baraza yetu ya mawe, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole, akakiachia kikombe.

Baraza ikakishika.